Umezima, U Mzima

"Leo unakwenda na mimi," Kijiti aliniambia akiwa mlangoni mwa karakana yangu. "Yule mlinzi yuko hoi. Nataka nimsamehe kabla hajafa."

Bisibisi iliniponyoka. Nikajifanya natafuta skrubu chini ya meza ili asinione uso.

Mimi na Kijiti ni mafundi umeme, tumeshibana tangu ujana. Miaka tisa iliyopita tulikuwa tunafunga taa katika jengo la ofisi. Siku hiyo nilichelewa, kama kawaida yangu, nikaingia chumba cha swichi nikihema. Kijiti alikuwa ameshapanda ngazi upande wa pili wa ukuta. Akapaza sauti: "Umezima?"

Mimi nikasikia, "U mzima?" Nikasema moyoni, ama kweli leo jamaa ana adabu, ananisalimu kabla ya kunigombeza. Nikajibu kwa furaha, "Mzima!"

Yeye akasikia, "Nimezima." Akashika waya.

Niliposikia yowe lake nilikimbilia swichi kuu nikaizima, lakini vidole vyake viwili vilikuwa vimeshaungua. Mpaka leo havikunjiki. Watu walipofika, waliikuta swichi imezimwa. Msimamizi akauliza nani alikuwa ameiwasha. Ningesema kweli pale pale yangeisha, lakini niliogopa. "Mimi nilizima," nikasema. "Mlinzi ndiye aliyepita humu kuwasha pampu."

Mlinzi alikana mpaka sauti ikamkauka. Akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na Kijiti hakumwamkia tena.

Kila nilipotaka kusema, nilijiambia kesho. Watu husema muda unasaidia. Mimi uliniongezea tu mwaka mwingine wa kueleza. Na Kijiti akazidi kunipenda, mpaka akampa mwanawe wa kwanza jina langu. Kuna siku nilimchukia kwa wema wake.

Tulipofika kwa mlinzi, binti yake alitupokea, akatuingiza chumbani. Mzee alikuwa kitandani, amebaki mifupa na macho.

"Shikamoo, mzee," alisema Kijiti, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Mkono wake mbovu ulikuwa mfukoni.

"Marahaba, baba."

"Nimekuja kukusamehe."

Mzee alimtazama. "Swichi ile sikuigusa. Lakini kama ndilo lililokuleta, haya, nisamehe, upate kulala."

"Hata sasa unakana?" Kijiti alianza kupandisha sauti. Binti akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Mlango ulikuwa hatua tatu nyuma yangu. Nilijua nikinyamaza dakika chache tu, mzee atakufa mwongo na mimi nitabaki na rafiki yangu. Nilikitaka sana kimya hicho, nakiri.

Mzee akageuza kichwa polepole akaniona.

"Aa, fundi! Siku nyingi. U mzima?"



"Sikuzima," nikasema.

"Unasema nini wewe?" aliuliza Kijiti.

Nikamgeukia. "Sikuzima, ndugu yangu. Nilidhani unanisalimu."