Sahihi Kabla ya Harusi

Siku ya harusi ya dada yake, Chapuchapu aliingia ofisini na suti begani, akaniwekea hati mezani.

"Mama, sahihi yako tu. Basi la mchana lisiniache."

Ofisi yetu hutengeneza programu ya mashine inayosukuma dawa ya dripu kwa mgonjwa. Chapuchapu huandika programu. Mimi hupitia hati ya usanifu, ile inayomweleza mkaguzi wa serikali mashine inatakiwa iweje. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake, na bila sahihi yangu hapewi kitu.

Nikasoma: "Ongeza kengele ya dawa kuisha. Ongeza kitufe cha kuinyamazisha. Rekebisha kioo."

"Hizi ni kazi, baba. Usanifu uko wapi?"

"Si ndio huo? Na zote nimemaliza. Sikiliza." Akawasha mashine, kengele ikatupasua masikio.

"Nesi akiinyamazisha na dawa hajabadilisha?"

"Itanyamaza kidogo, halafu italia tena."

Mpimaji wetu, dada anayejaribu kila programu kabla haijatoka, akageuza kiti. "Tena wapi? Mimi nilibonyeza, ikanyamaza jumla. Nikasema sawa, kitufe kipo."

Chapuchapu akabonyeza. Tukangoja. Kimya.

Nyumbani nikimwambia binti yangu "fua sare," anafua, na asubuhi naikuta kwenye ndoo. Hajadanganya, kafua. Siku hizi namwambia Jumatatu sare iwe kavu na imepigwa pasi. Ataanzia wapi, shauri yake.

"Andika mashine inavyotakiwa kuwa," nikamwambia Chapuchapu. "Hayo ya ongeza na rekebisha yapeleke kwenye ubao wa kazi."

"Mama, unanikosesha harusi!"

"Kaa uandike. Kwani bibi harusi ni wewe?"

Akaandika kwamba kengele ikinyamazishwa kabla dawa haijabadilishwa, ilie tena baada ya dakika mbili. Nikamuuliza: na betri ikiwa inakaribia kuisha? Akakuna kichwa, akaandika na hilo. Mpimaji alikuwa anasomea begani kwake. "Eh, sasa najua napima nini."

Chapuchapu akaweka kalamu chini. "Ila programu yenyewe haifanyi hivyo. Nani ataibadilisha leo? Basi, nimekwama."

Mwandishi mwenzake wa programu, bibi wa meza ya dirishani asiyependa maneno mengi, akanyoosha mkono. Akaisoma hati hadi mwisho.

"Nipe mimi. Ingekuwa ile ya kwanza, ningekupigia simu hadi ukumbini. Hii imejieleza."

Nikatia sahihi. "Toka hapa. Na shati lichomekee."

Alitoka mbio hata kuaga akasahau.

Jioni, programu ilipokwisha kubadilishwa, Mpimaji akaiacha mashine iishiwe dawa, kengele ikalia, akainyamazisha. Tukakaa tunaiangalia kama chungu jikoni. Ikalia tena. Akapiga vigelegele, na yule bibi wa dirishani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka kwa sauti.