Kompyuta Iliyokuwa Ikichoka

Tangu asubuhi Stamenka alikuwa akiizima kompyuta na kuiwasha tena, na kila ilipowaka alipiga ishara ya msalaba kabla ya kugusa kipanya. Ilikuwa Alhamisi. Saa kumi jioni mwalimu wa mumewe angetokea kwenye skrini kutoka mji wa Niš, na safari hii somo lilipaswa kufika mwisho.

Mumewe, Miloje, alipatwa na kiharusi majira ya joto yaliyopita, akiwa juu ya ngazi anachuma plamu. Mguu ulirudi. Mkono ukarudi nusu. Maneno ndiyo yaliyogoma. Katika mji wao wa Knjaževac hapakuwa na mtaalamu wa kufundisha watu kusema upya, ndipo hospitali ikawapa Bi Ljiljana, wa kwenye kompyuta. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, neno baada ya neno. Lakini baridi ilipoanza, kompyuta nayo ikaanza visa. Ilikuwa inawaka vizuri, halafu baada ya muda inazidi kuwa nzito, mpaka uso wa Bi Ljiljana unaganda mdomo wazi na sauti inakatika.

Kibaya zaidi, Miloje alidhani kosa ni lake. Alihangaika na neno mpaka jasho likamtoka, akalitoa, na ule uso mbele yake haukutingishika. Basi aliamini hajasema kitu. Alipunga mkono kwa hasira, akageuza kiti ukutani.

Juzi Bi Ljiljana alimpigia Stamenka kwenye simu yake ya vitufe. "Mama, kuna wagonjwa wanaosubiri nafasi. Somo la wiki hii likikatika tena, itabidi nafasi yake nimpe mwingine. Sipendi kukuambia hivyo, lakini ndivyo ilivyo."

Stamenka alimwita Ratomir, mdogo wake Miloje, anayeishi Zaječar. Ndiye aliyekuwa akitengeneza kompyuta za ukoo mzima, wakati mwingine zikapona. Aliingia mchana huo wa Alhamisi, akavua viatu, akavaa ndala za wageni, akambusu kaka yake mara tatu mashavuni, kisha akaketi mbele ya skrini kama daktari.

"Shemeji, hii kompyuta umeifanya nini? Imejaa vitu kuliko stoo yako ya pilipili za chupa."

"Mimi sigusi kitu. Inaniuliza, nami najibu ndiyo. Ningejibuje, na imeuliza kwa heshima?"

"Ndiyo hayo. Umewakaribisha wote, na kila ukiwasha wanaingia kwa pamoja na kukaa mezani."

"Kama nyinyi mlivyokuja kwenye sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu."

"Sisi angalau tulileta mvinyo."

Alianza kuwafukuza mmoja mmoja. Programu ya kutabiri hali ya hewa, nyingine ya mapishi, tatu za kulinda kompyuta ambazo zilikuwa zikilindana zenyewe kwa zenyewe. Akaacha moja. Akafuta vitu vilivyorundikana kwenye kapu la taka, akazima, akawasha. Kompyuta iliamka kwa wepesi ambao Stamenka hakuwa ameuona tangu vuli.

"Imekwisha," alisema Ratomir. "Leta kahawa."

Walikunywa kahawa. Ili kujiridhisha, Ratomir akampigia mkewe kwa njia ileile ya picha na kumwacha aongee, kazi ambayo haikumpa taabu. Kahawa ilikuwa haijafika kwenye machicha ya chini ya kikombe pale mkewe alipoganda, jicho moja limefumbwa.

Miloje, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni, aliitazama skrini, kisha akaanza kugeuza kiti polepole.

"Subiri, kaka," alisema Ratomir. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimekosea mahali. Programu zilikuwa mzigo, ndiyo, lakini si huo tu." Aliweka kiganja ubavuni mwa boksi la kompyuta lililokuwa sakafuni chini ya meza, akakiondoa upesi. "Mbona ina homa?"

Alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza. Alikaa humo muda.

"Shemeji. Njoo uone."

Stamenka aliinama. Alijua atakachokiona, ila mpaka dakika ile hakuwa amekifikiria hata kidogo. Nyuma ya boksi, juu ya matundu yote, palikuwa na skafu ya sufu ya kijivu, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

"Ilikuwa inampuliza miguuni," alisema. "Upepo usiokoma, Ratomir. Na mtu mwenyewe ndiyo kwanza ametoka kwenye kiharusi. Ningemwacha apigwe na upepo?"

Alingoja acheke. Lakini Ratomir alilelewa na mama yuleyule aliyelea Miloje, mwanamke aliyekuwa akifunga madirisha ya basi katika joto kali la Julai kwa kuogopa upepo, abiria wote wakamshukuru.

"Upepo wa miguuni si jambo la mchezo," alisema kwa uzito. "Ila umeiziba pua. Feni hii inatoa joto nje. Joto lisipopata pa kutokea, kompyuta inajipunguza mwendo ili isiungue. Ndiyo maana inaanza vizuri halafu inachoka."

Stamenka alikaa sakafuni palepale. Aliifunga ile skafu theluji ya kwanza ilipoanguka, na masomo yakaanza kukatika baada ya hapo. Kila jioni alisimama mbele ya picha ya Mtakatifu Nikola, taa ya mafuta ikiwaka, akiiombea kompyuta.

"Nilikuwa namwomba Mungu afungue kitu nilichokifunga mwenyewe," alisema.

"Na amekusikia. Kanituma mimi. Nadhani hakupata mwingine."

Alitoa boksi hadi ukumbini, akafunga mlango ili Miloje asipatwe na baridi, akalifungua. Humo mlikuwa na vumbi na nyuzi za sufu zilizoganda kwenye feni kama manyoya ya kondoo. Alizitoa kwa brashi ya rangi isiyotumika. Waligeuza meza, feni ikaelekea upande ambao hakuna miguu ya mtu, wakaacha nafasi nyuma yake.

"Isafishe kila unapobadilisha mapazia," alimwambia. "Usiifunike kwa kitu chochote, hata vitambaa vyako vya kufuma. Na ikikuuliza, jibu hapana. Ukiwa na wasiwasi, nipigie."

"Nitajibu hapana hata ikinisalimu."

Kisha Ratomir alichuchumaa mbele ya kaka yake akiwa na skafu mkononi.

"Kaka, tazama. Hukuwa wewe. Maneno yako yalikuwa yanatoka sawasawa. Kilichokwama ni mashine, kwa sababu ya hii."

Miloje aliitazama skafu. Akamtazama mkewe. Mabega yake yakaanza kutikisika, Stamenka akaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka. Hakuwa amemsikia akicheka tangu zile plamu.

Saa kumi Bi Ljiljana alitokea, akasema leo wanaonekana vizuri. Somo likaanza. Kikombe. Mkate. Jiko. Stamenka alikaa pembeni, midomo ikicheza kimya katika sala, macho yakiwa kwenye skrini. Kwa muda huo kahawa ya mchana ingekuwa imekwisha zamani, na uso wa mwalimu ulikuwa bado unacheza.

"Huyo nyuma yako ni nani, Bwana Miloje?"

Miloje alihangaika. "M... mdogo," alisema. "Wangu."

Ratomir, aliyefanya utani siku nzima, alitoka nje kutafuta kuni, ingawa kapu la kando ya jiko lilikuwa limejaa.

Saa ya somo ikaisha bila picha kukatika hata mara moja. Bi Ljiljana alikusanya karatasi zake. "Nafasi ni yako. Tutaonana lini?"

Mdomo wa Miloje ulifunguka, neno likakwama. Lakini safari hii mwalimu alikuwa anapepesa macho, anaitikia kwa kichwa taratibu, na yeyote angeona kwamba anangoja. Miloje naye aliona. Hakugeuza kiti.

"Alhamisi," alisema.