Sauti ya Mama Si Mali ya Kampuni

Ofisini walimwita Kidole, maana alichapa kwa kidole kimoja na bado akawapiku wenye vidole kumi. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za maduka. Nyumbani, vyombo vikishaoshwa, aliandika nyingine kwa ajili ya mama yake.

Mama alipasuliwa koo, sauti ikaenda zake. Lakini kabla ya kupasuliwa alirekodi maneno yake ya kila siku, ya upole na ya kugomba, na sasa akigusa simu, programu inasema kwa sauti yake mwenyewe.

Kosa la Kidole ni kujionyesha. Wewe, kitu kizuri unampelekea bosi? Bosi aliposikia simu ikifoka, "Nyamaza kwanza, mimi ndiye ninayeongea!" alicheka mpaka machozi, kisha akaomba kuiona programu yenyewe.

Mstari wa juu kabisa ulisema: Mali ya kampuni.

Masikini! Kompyuta ya nyumbani Kidole aliipanga ifanane na ya ofisini, na ya ofisini huweka mstari ule yenyewe juu ya kila faili jipya. Alishauzoea hata hauoni tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

"Niliiandika nyumbani, bosi. Muda wangu, kompyuta yangu."

"Mstari huo sikuuandika mimi," bosi alisema, wala hakuwa na hasira. "Tutaiuza hospitalini. Kwenye simu ya mama ifute. Atanunua kama wengine."

Mtu anunue sauti yake mwenyewe! Jamani, haya ilikwenda wapi?

Kidole alifika nyumbani akaeleza, akafuta programu huku akilia waziwazi. Zilibaki rekodi tu. Mama aligusa simu, simu kimya. Alimtazama mwanawe, akampangusa machozi kwa ncha ya khanga.

Asubuhi Kidole aliacha kazi. Akarudi nyumbani, akafungua faili jipya aanze upya kabisa, na mstari ule ule ukajitokeza. Mama, aliyesimama nyuma yake, alinyoosha mkono akaufuta mwenyewe, herufi moja moja, kisha akamsukuma bega: haya, andika.

Programu ilipokamilika, mama hakuijaribu kwa Kidole. Alichukua simu ya mwanawe, akampigia bosi, akaisogeza simu yake mwenyewe karibu nayo, kidole tayari.

"Halo, Kidole? Unasemaje?" bosi aliitika.

"Nyamaza kwanza, mimi ndiye ninayeongea!"