Mbuzi Waliotupa Mimba

Nesi alikuwa mtu wa kuwasikiliza wagonjwa wote, isipokuwa mama yake mzazi. Wengine aliwauliza taratibu, akawangoja wakohoe, wakumbuke. Mama akija na homa, alimkalisha kwenye benchi, akamtoboa kidole, basi.

"Umeninyonya damu kuliko kupe wa mbuzi wangu," mama alimtania alipokuja mara ya pili.

Malaria haikuonekana. Nesi alimpa dawa ya malaria hivyo hivyo, maana mwili ulikuwa unawaka na foleni imefika mlangoni.

"Halafu, mwanangu, mbuzi watatu wametupa mimba. Kupe wamewajaa mpaka masikioni. Nimewahangaikia kwa mikono yangu hii..."

"Mama, tuongee habari zako. Za mbuzi mpelekee bwana mifugo."

Mama akakunja cheti chake, akaondoka.

Homa ilishuka, ikarudi, ikashuka tena. Mama hakuwa mtu wa kulala mchana. Alirudi zizini kufagia na kukamua. Miezi ikapita. Akaanza kuhema akifua nguo, miguu ikamvimba. Nesi akasema ni uzee. Mpaka siku mama alipoanguka jikoni, maziwa yakamwagika sakafu nzima, ndipo nesi alipompeleka hospitali kubwa.

Daktari wa huko alisikiliza moyo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, unafuga?"

Mama alimtazama binti yake kwanza, kama anayeomba ruhusa. Halafu akaeleza yote: kupe, mimba zilizotupwa, mikono mitupu.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari alimvuta nesi pembeni. "Ni homa ya Q, dada. Bakteria wake huenezwa na kupe kwa mifugo. Sisi binadamu huwapata zaidi kwenye majimaji ya mnyama anayezaa au kutupa mimba, hata kwenye vumbi la zizi. Mgonjwa asipopata dawa yake mapema, bakteria hao wanaweza kuhamia moyoni."

"Na wamehamia?"

"Wameharibu vali moja ya moyo. Mngemleta mapema..." Hakumalizia. Nesi amekuwa akimmalizia sentensi tangu siku hiyo, akiwa kazini, akiwa bafuni, akiwa anakula.

Mama alianza dawa za muda mrefu, akarudi nyumbani. Bwana mifugo aliwatibu mbuzi, na sasa ni nesi anayewanyunyizia dawa ya kupe, glavu mkononi, barakoa usoni, huku mama akimwelekeza kutoka kibarazani.

"Chini ya mkia! Hapo ndipo wanapojificha!"

"Nimeona, mama."

"Hujaona. Nakuja mwenyewe."

Akainuka. Alifika nusu ya uwanja, akashika ukuta, pumzi zikimkatika. Nesi akatupa bomba, akamkimbilia.

"Mama, nisamehe. Ulinieleza."

"Nilikueleza, ndiyo," mama alisema akihema. "Yameshapita hayo. Nishike mkono."

Alimshika. Zizi lilikuwa hatua chache tu mbele yao, lakini walirudi kibarazani, polepole.