Sakafu Isiyofagiwa

...na bado anaongea, katekista Sostenes, amesimama chini ya ngazi yangu mikono nyuma, Mama Goodness, hiyo sakafu uliyoichora hapana, kana kwamba sijamsikia mara tatu tangu asubuhi, kwanza lilikuwa bakuli, bakuli la kioo nimelichora siku mbili hadi zabibu zinaonekana kwa ndani, akaniambia hujalimalizia, matunda yanaelea, lipake hata bluu, weka maua kama ya kwenye chupa ya chai, halafu mkate, ule wa duara uliokatwa vipande vinane, akauliza kama ni jiwe la kusagia, nikamwambia, katekista, viko kwenye kitabu alichonipa padre, Warumi wa kale walichora vitu vya jikoni kwao, jagi, taa, mayai kwenye sahani, na padre mwenyewe alisema arusi ya Kana ninayoichora ukutani hapa ilikuwa enzi za Warumi hao hao, basi meza iwe ya enzi hizo, lakini nani anasikilizwa kwenye ukumbi huu, na sasa ni sakafu, wageni wanakula na chini kuna mifupa ya samaki, mguu wa kuku, maganda ya konokono, kila takataka na kivuli chake, nimeitoa kwenye kitabu hicho hicho, kuna Mrumi alipiga magoti akapanga vijiwe vidogo vidogo mpaka makombo ya mezani yakatoka hivyo, nyumba isiyofagiwa ni nyumba ya msiba, anasema Sostenes, unajua desturi zetu, hakuna kufagia hadi matanga yaanuliwe, Jumapili baba askofu anakuja kubariki ukumbi, akina mama wataona tumechora matanga ukutani, futa, na kitambaa ninacho mkononi, kimelowa mafuta ya taa, nifute yaishe, nimechoka mimi... msiba, ananifundisha mimi msiba, wakati Kharumwa nzima inajua nilichofanya, siku ya pili tu mama amezikwa, matanga hayajaanuliwa, nashuka kwenye basi kutoka Geita nakuta majivu, maganda ya viazi, mabua, watu wamekaa juu ya uchafu wanapokezana ugoro, na hasira zangu hazijui kubisha hodi, nikashika ufagio, mama mdogo Nyamizi akasema acha, mwanangu, nyayo zake bado zimo humu ndani, nikasema uchafu ni uchafu, nikazoa vyote nikatupa motoni, na humo likaenda gunzi, kizibo cha kibuyu cha maziwa cha mama, gunzi lenye alama za meno maana alilichomoa kwa meno miaka yote, mkono mmoja una kibuyu, mwingine una mtoto, ningejuaje, magunzi yamejaa kila uwanja, mpaka mama mdogo alipokuja na kibuyu kiko wazi akakiweka mbele yangu, na tangu hapo, mwaka wa pili huu, shikamoo yangu anaiitikia kwa kichwa tu, nami nimezunguka nikisema ni ushamba wake, mwanamke mzima ananuna kwa gunzi... nilifagia kwa sababu sikutaka kulia mbele za watu, hivyo tu, na kitu pekee kilichokuwa na meno ya mama nimekichoma mimi, jino la kushoto lilipanda juu ya mwenzake, au la kulia, Mungu wangu, la kushoto, alipokaa mlangoni akicheka lilikuwa upande wa kisima, la kushoto, nikingoja mwaka mwingine nitasahau na hilo... Mama Goodness, unanisikia? Nakusikia, katekista, umesema nifute, kitambaa nimekitundika kwenye ngazi, nachukua brashi ndogo, kahawia kidogo, nyeupe kidogo, hapa katikati ya mfupa wa samaki na mguu wa kuku, mahindi hayakuwako Kana, padre atanisuta, na anisute, Jumapili mama mdogo atakaa benchi la mbele na wazee wenzake, macho yake bado ni mazima, kivuli kwanza, kama alivyofanya Mrumi, halafu gunzi lenyewe, halafu alama za meno, moja, mbili, na lile lililopanda... mbona hufuti, anasema Sostenes, unaongeza uchafu, naongeza, katekista, nishikie ngazi.