Sauti Tumboni mwa Kamionete

Vuu, vuu, vuuu. Sauti ilikuja peke yake, ikipanda kutoka upande wa mto kama kitu kinachovuta pumzi na kuitoa. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Wanawake waliokuwa katika mashamba ya muhogo walitupa majembe, wakajitupa na wao, uso chini, kikwembe kichwani. Hakuna aliyewaamuru. Msichana wa Kalembe hufundishwa jambo hilo na mama yake kabla hajajua kusonga ugali: ukisikia Mwenye Pori analia, anguka, funika uso. Mwanamke akimwona, macho yake yanakufa. Mwenye mimba akimkaribia, mtoto hatoki hai.

Séraphin alikuwa amesimama mlangoni kwake, na alishtuka kuliko wanawake wote. Wao waliogopa kwa sababu hawakujua. Yeye aliogopa kwa sababu alijua. Alipelekwa porini utotoni kutahiriwa pamoja na rika lake, na baadaye akawa mmoja wa wanaume watano wanaokabidhiwa kile kitu cha kulia. Lakini haikuwa majira yake. Tena wenzake wanne alikuwa anawaona pale pale uwanjani, mikono mitupu, kila mmoja amekodoa macho kama mtu anayesikia sauti yake ikitoka kinywani mwa mwingine.

Ndani ya nyumba mkewe, Godelieve, alikuwa na uchungu wa siku ya pili. Mtoto wa kwanza, amekaa vibaya. Jana muuguzi wa dispansari alituma barua Masisi: leteni gari, mama huyu afikishwe hospitali ya Kirotshe, akibaki hapa tutazika wawili.

Kwenye kona ikachomoza kamionete ya kijani ya misioni ya Masisi. Ile sauti ilikuwa tumboni mwake.

Dereva akazima, sauti ikafa. Akateremka mtu mrefu, kofia imelala upande mmoja: Straton, mwenyeji wa milima ya Masisi. Akawatazama wanawake waliolala kati ya mihogo.

"Kumbe huku munasalimia dereva hivi? Kwetu hata askofu hawamulalii chini."

Wanawake walibaki vile vile, uso chini.

"Ile yenye inalia ni nini?" Séraphin akauliza.

"Shofaji, kaka. Iko na pangaboi ndani, inapuliza hewa ya moto mu kabini. Tangu juzi inapiga kelele kama mama-mukwe. Lakini gari inatembea, usiogope."

Mkunga, Mama Verdiane, alikuwa amemshika Godelieve begani pale mlangoni. "Huyu hapandi," alisema.

"Mama, ile ni chuma tu," Straton akasema.

"Weye muntu wa ng'ombe na maziwa, mambo ya pori ulijifunzia wapi?"

Godelieve mwenyewe alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Alitikisa kichwa, machozi yanamtoka. Straton alimwangalia, akaangalia tumbo lake, na mzaha ukamtoka usoni. Akaingiza mkono chini ya dashibodi, akachomoa waya. Akawasha injini. Ikanguruma ngurumo yake ya kawaida, basi.

"Amelala," Verdiane akanong'ona. "Mupite haraka kabla hajaamka."

Wakampandisha, akakaa katikati ya wanaume wawili, wakaondoka.

Safari ilikwenda vizuri mpaka walipoanza kupanda milima. Mvua ikawakuta, na nyuma ya mvua ukungu, na baridi ile inayouma mifupa ya mtu wa msituni. Godelieve alitetemeka hadi meno yakagongana. Pumzi za watu watatu zikakipaka kioo weupe kama maziwa. Straton alifuta kwa kofia. Kabla hajairudisha kichwani, kioo kilikuwa cheupe tena. Gurudumu la kushoto likateleza. Séraphin aliona, kupitia dirisha la upande wake, vilele vya miti vikiwa chini ya miguu yake.

Straton akasimamisha gari. Akavuta breki ya mkono.

"Siendi tena hivi," alisema. "Kioo kinafunguka kwa hewa ya moto, hakuna njia ingine. Na mama anakufa na baridi. Dada, unisamehe." Akarudisha waya.

Vuu, vuuu. Ndani ya kabini sauti ilikuwa kubwa mara kumi. Godelieve alipiga yowe, akamrukia mumewe magotini, akafungua mlango, akaanguka nje. Séraphin alimkuta katika majani kando ya barabara, amejikunja juu ya tumbo lake, mvua inampiga mgongoni.

"Uniache hapa. Heri nife na mutoto wangu kwenye matope kuliko kumupeleka mu kinywa yake."

"Godelieve, ni gari."

"Weye ulikuwa nayo kule pori. Uniambie basi, hii si sauti yake?"

Séraphin alipiga goti kwenye matope. Alimfunika kwa koti lake.

Straton alikuwa amejilaza sakafuni mwa kabini na turunevisi ya kukazia skrubu mkononi, injini ikiunguruma ili asikie anachotafuta. Alitia mafuta kwenye mhimili wa pangaboi: "Iko na kiu tu, inywe." Ikanywa, ikalia. Alikaza kila skrubu aliyoifikia. Ikalia. Akatukana kwa lugha ya kwao, akatia mafuta tena.

Séraphin akainama mlangoni kumwambia afanye haraka, na hapo, sikio likiwa karibu, akalitega tena. Chuma chenye kiu hukwaruza. Hiki hakikukwaruza. Kilipanda na kushuka kwa mawimbi. Mkono wake wa kuume, uliozoea kukizungusha kwa kamba kile kitu cha porini, uliyajua mawimbi yale, ungeweza kuyahesabu. Yalikuwa ya kitu chembamba, cha bapa, kilichoshikwa upande mmoja na kupigwa na upepo. Hakukuwa na roho, wala gari halikurogwa. Humo ndani kulikuwa na kitu kile kile, au ndugu yake.

Dawa ilikuwa maneno machache tu. Na maneno hayo ndiyo waliyoapa porini kuyaficha, usiku na mchana, wakiwa watoto wenye vidonda: mwenye kuyatamka mbele ya mwanamke, ulimi wake utaoza. Aligeuka. Godelieve hakuwa analia tena. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Straton," akasema chini chini. "Usitafute kiu. Utafute kitu chembamba."

"Eeh? Sisikii, kaka, injini inapiga kelele."

"Kitu chembamba."

"Uongee kwa nguvu. Weye ni mwanaume ao ni kifaranga?"

Basi Séraphin akapaza sauti, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Kitu chembamba cha bapa! Kimeshikwa upande mumoja, upepo inakipiga, njo maana kinalia. Ni upepo tu. Hata kule kwetu ni upepo tu na kibao."

Mvua iliendelea kunyesha. Ulimi wake ulikuwa bado kinywani.

Straton akazima injini, akafungua kasha lote la shofaji, akaingiza vidole hadi kwenye koo la bomba linalopuliza kioo. Akavuta. Kikatoka kipande cha lati, ule ubao mwembamba wa kuchorea mistari shuleni, kimevunjika ncha. Wiki ile alikuwa amebeba makasha ya shule. Kipande hiki kilidondoka, kikateleza kwenye ufa ulio chini ya kioo.

"Tazama," akasema, akikigeuzageuza. "Mwenye Pori yenu anapima santimeta."

Séraphin akampokonya, akakificha ndani ya shati. Kilikuwa na urefu ule ule. Kilikuwa na umbo lile lile. Angeweza kumpiga Straton kwa mzaha ule, na angeweza kumbusu mikono.

Alipogeuka, Godelieve alikuwa amesimama peke yake, ameshikilia ubavu wa gari. Hakukitazama kifua chake. Alimtazama machoni.

"Kibao," alisema.

Akapanda. Injini ikawaka, hewa ya moto ikatoka bila neno, kioo kikafunguka kutoka chini kwenda juu mpaka barabara yote ikaonekana. Godelieve alikoma kutetemeka. Straton aliendesha moja kwa moja hadi ziwani, kulikokuwa na hospitali.

Kirotshe walimpokea kwa machela. Séraphin alisimama barazani, akigeuka kila mlango ulipofunguliwa. Mama masera, mtawa wa hospitali, alipotoka alikuwa anajifuta mikono. "Mwanaume," alisema. "Wazima wote wawili. Saa moja zaidi, nisingekuambia hivi."

Godelieve alikuwa amelala ubavu, mtoto kwenye mkono, uso umekauka kwa uchovu. Séraphin akapiga magoti karibu na kitanda.

"Mama yangu alilala chini," Godelieve akasema polepole. "Bibi yangu alilala chini. Mama muzee Mukashema alivunja jino kwenye jiwe sababu ya kuanguka haraka. Leo asubuhi, na mimba hii, nilijitupa sakafuni. Sababu ya kibao."

"Ndiyo."

"Na weye ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Huyu ni mwanaume. Kesho atakua, mutamupeleka. Mutakiliza kile, na mimi nitaweka uso kwenye matope mbele ya mutoto wangu mwenyewe?"

Hasira haikuwamo katika sauti yake. Ingekuwamo, Séraphin angeweza kujitetea. Alimshika mkono, na akasema kwa nguvu, bila kujali kwamba waliokuwa kwenye vitanda vya jirani wanasikia:

"Siku hiyo nitatoka katikati ya wanaume, nitakuja mpaka kwenye weye uko, sauti ikilia vile vile, nitakushika hivi, nitakuambia mbele ya kijiji chote: Godelieve, simama, ni upepo."