Kijito Kilichokauka Mvuani

Watu walimwita Mama Rula, naye hakuchukia. Kila siku saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni alishuka hadi kwenye daraja la miguu, akasimama mbele ya ubao mrefu wenye mistari myeusi na myeupe uliosimikwa kwenye zege ukingoni mwa kijito, akasoma maji yamefika wapi, akaandika daftarini. Ofisi ya maji ilimpa kazi hiyo miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa bado anajifunza kushona. Sasa alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, lakini jina lililomganda lilikuwa la ule ubao.

Kijito chenyewe si kikubwa. Kiangazi unakivuka bila kulowesha magoti. Kinaanzia kwenye chemchemi tatu mlimani, kinateremka mbio hadi mahali ambapo vilima viwili vinakaribiana kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Hapo kinabanwa, kinapiga kelele, kisha kinatokea kwenye bonde pana na kutulia, kikijipindapinda katikati ya mashamba na nyumba hadi chini ya daraja. Mama Rula alikijua kama anavyojua kipimo cha mteja wa siku nyingi. Mvua ikinyesha mlimani alfajiri, maji ya darajani yatapanda kabla ya adhuhuri, na yatakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nyumba iliyokuwa karibu na maji kuliko zote ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mfyatua matofali. Humo aliishi pia mama mkwe, ambaye kiharusi kilimwacha hawezi kusimama. Wifi na Mama Rula walikuwa wamenuniana mwaka wa pili huo. Wifi alipoomba kibali cha kujenga pale, ofisi ilitaka kwanza kuona daftari, ijue maji yaliwahi kufika wapi. Wifi akamwomba Mama Rula aguse tarakimu moja tu, tatu ionekane moja. Mama Rula akakataa. Kibali hakikutoka, wifi akajenga hivyo hivyo, na tangu hapo salamu zao zilipitia kwa watu.

Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya tatu ya mvua. Jana yake jioni ubao ulisoma sentimita mia moja na saba. Chupa ya kupimia mvua uani kwake ilionyesha milimita sitini na mbili kwa usiku mmoja, kwa hiyo alishuka na mwavuli wake akitegemea kukuta mia na ishirini, pengine zaidi.

Kabla hajafika alihisi kuna kitu hakipo. Ilimchukua hatua kadhaa kujua ni nini. Hakusikia maji.

Ubao ulisimama uchi. Ulikuwa na tope hadi juu, na maji yalikuwa chini kabisa, yakizunguka mguu wa zege kama yaliyomwagwa na mtu kutoka kwenye beseni. Thelathini na moja. Akaufuta ubao kwa kiganja, kana kwamba kosa ni la ubao. Thelathini na moja. Aliona mawe ambayo hajawahi kuyaona mvua ikinyesha, na mizizi ya miti ya ukingoni ikining'inia hewani. Akasoma mara ya tatu, ndipo akaandika.

Akampigia simu mhandisi wa ofisi ya maji, mwanamke kijana ambaye hawakuwahi kuonana naye ana kwa ana, ingawa waliongea kwa simu kila wiki.

"Thelathini na moja, au mia na thelathini na moja?" mhandisi aliuliza.

"Thelathini na moja, mwanangu. Nimesoma mara tatu."

"Na mvua?"

"Sitini na mbili. Na hapa ninapoongea inaendelea."

"Mama, maji hayo hayajapotea," mhandisi alisema. "Yamezuiwa mahali. Kuna watu mtoni?"

Mama Rula akageuka. Walikuwepo. Watu kama ishirini walikuwa wametapakaa kwenye kitanda cha kijito na ndoo na mabeseni, wakiokota kambare waliokwama kwenye vidimbwi. Walikuwa wanacheka. Wifi yake alikuwa katikati, sketi ameifunga kiunoni.

"Mama Rula, leo andika samaki," mmoja alimwambia, na wengine wakaangua kicheko.

Aliwaambia watoke, kwamba mhandisi amesema maji yamezuiwa huko juu. Wanawake wawili walitoka. Waliobaki waliangalia mbingu, wakaangalia miguu yao, wakaendelea. Wifi alimgeuzia mgongo.

"Hao wawili waliotoka wabaki wakiwapigia kelele wengine, lakini mimi nahitaji kujua tuna muda gani," mhandisi alisema simuni. "Mimi niko saa nne kutoka hapo, na barabara imejaa maji. Unaweza kufika kule kwenye vilima?"

Breki alimpeleka. Breki alikuwa dereva wa pikipiki, baba wa watoto watano, na aliitwa hivyo kwa sababu pikipiki yake haikuwa na breki za kuaminika. Walipita njia ya juu, yenye utelezi, na iliwachukua dakika ishirini.

Kilima cha kushoto hakikuwepo.

Mama Rula alikitafuta kwa macho kama mtu anayetafuta nyumba yake akakuta kiwanja. Karibu chote kilikuwa kimeporomoka, udongo, miti na mawe, kikaziba ule mlango kutoka upande huu hadi upande ule. Nyuma yake lilikuwa ziwa. Jana hapakuwa na ziwa. Leo lilikuwepo, la kahawia, limetulia, miti imezama hadi shingoni, na matone ya mvua yakilichoma pote bila sauti. Breki alichuchumaa, akashika kichwa, akakaa hivyo.

Mama Rula naye alitaka kukaa pale karibu na Breki. Badala yake mkono ulikwenda shingoni, kwenye futi yake ya kupimia nguo ambayo alisahau kuivua. Hakupanga kufanya lolote. Mikono ilifanya kazi iliyoizoea.

Alichomeka fimbo ukingoni mwa lile ziwa, akaiwekea alama kwa kucha, akaangalia saa ya simu. Baada ya dakika kumi maji yalikuwa yamepanda sentimita kumi na mbili. Akapanda kwenye tope, akizama hadi magotini, mpaka mahali palipokuwa chini kuliko pengine juu ya lile tuta, akateremsha futi kuelekea majini. Futi yote, mita moja na nusu, iliisha, ikabaki nafasi ya kiganja.

"Mita moja na sitini," alimwambia mhandisi. "Ikipanda hivi hivi, ni saa mbili na kidogo."

"Angalia upande wa chini wa tuta, upande wa kwenu. Kuna maji yanachuruzika?"

"Yapo. Kama bomba lililopasuka."

"Meupe au ya tope?"

Mama Rula alitazama. Yalikuwa mazito, rangi ya matofali, na yalitoka na vipande vya udongo.

"Ya tope."

"Basi linaliwa kwa ndani. Usihesabu saa mbili. Usihesabu hata moja. Shuka, mama. Watoe wote."

Wakati wa kurudi, Breki aliendesha kana kwamba breki hazijawahi kugunduliwa duniani. Njiani alisimama kwenye kila nyumba ya bondeni, akapiga honi bila kuachia, akisema neno moja, tokeni, tokeni. Mama Rula alishuka penye tanuri la matofali la wifi yake, akakimbilia kijitoni.

Aliwakuta kumi na wanne bado wapo. Alimwendea wifi yake moja kwa moja, akasimama ndani ya dimbwi mbele yake. Alikuwa ameishiwa pumzi, akaongea polepole, kama anayesomea mtu daftari.

"Wifi. Kilima kimeanguka. Nyuma yake kuna ziwa, limebakiza mita moja na sitini kumwagika, na tuta limeshaanza kuvuja tope."

Wifi alimtazama. Alitazama tope lililomfika magotini na futi iliyoganda udongo. Wengine waliacha kuokota samaki, wakingoja yeye aseme nini, kwa sababu pale bondeni wifi ndiye aliyekuwa na sauti.

"Umepima?" aliuliza.

"Nimepima."

Wifi akaitupa ndoo, samaki na vyote. "Huyu alinikatalia mimi tarakimu moja, ndugu yake," aliwaambia wale wengine. "Akisema amepima, amepima. Tokeni."

Walitoka wakikanyagana.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa kitandani akisikiliza redio. Wifi hakueleza kitu. Aliung'oa mlango wa chumba kwenye bawaba zake, kwa nyundo ya kazini, mapigo matatu, wakamlaza mama mkwe juu yake. Wifi akashika mbele, Mama Rula nyuma, Breki, aliyekuwa amewafuata, akategemeza ubavuni.

"Mnanipeleka wapi na mlango wangu?" mama mkwe aliuliza.

"Shuleni, mama."

"Umri huu?"

Hakuna aliyecheka. Shule ilikuwa juu, mwendo wa dakika kumi kwa mtu asiyebeba kitu. Wao ziliwachukua ishirini na tano. Mara mbili Mama Rula aliteleza, na mara zote mbili wifi alisimama bila kugeuka, akangoja mpaka uzito ulingane tena, akaendelea.

Walikuwa wamefika uwanjani mlio ulipokuja. Watu walidhani ni lori, kisha walidhani ni ndege. Halafu harufu ilitangulia, harufu ya udongo wa chini kabisa, ule ambao haujaona jua. Na pale penye kona ya bonde ukatokea ukuta. Haukuwa wa maji. Ulikuwa wa miti, mawe na tope, ukitembea umesimama, na maji yakiusukuma kwa nyuma. Ulipita juu ya mashamba kana kwamba hayakuwahi kulimwa. Ulifika kwenye tanuri la matofali, na tanuri likazama kwa utaratibu, kama sukari. Nyumba ya wifi ilibaki imesimama kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, halafu paa likaonekana likienda peke yake kuelekea darajani. Daraja halikuonekana likivunjika. Lilikuwepo, kisha halikuwepo.

Watu zaidi ya mia walisimama kwenye ukingo wa uwanja na midomo wazi, na mvua ikawanyeshea. Mzee mmoja alianza kuhesabu jamaa zake kwa kidole, akamaliza, akaanza upya. Mwalimu mkuu alifungua madarasa, akasimama na funguo mkononi, hajui aziweke wapi.

Walihesabiwa wote jioni, kaya kwa kaya. Hakukosekana mtu. Ng'ombe sita na nyumba kumi na moja ndivyo vilivyokwenda. Maji yalipopungua walikuta kijito kimehama. Kilikuwa kikipita hatua arobaini kutoka kilipokuwa jana, kwenye kile kilichokuwa chumba cha wifi, chembamba, kikitoa mlio wake mdogo wa kawaida.

Mama Rula alikuwa ameketi kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamebanwa chini ya mbao. Mhandisi alipiga simu. Akaipokea, akafungua mdomo, sauti ikakataa. Alijaribu tena. Wifi akamchukulia simu mkononi.

"Wote wapo," wifi alisema. "Yeye pia yupo. Hawezi kuongea, lakini yupo."

Alipokata simu aliinama, akatazama chini ya dawati. "Viatu vyako viko wapi?"

Mama Rula akatazama naye. Alikuwa peku, na unyayo wa kulia ulikuwa umepasuka kutoka kidole hadi kisigino, damu imechanganyika na tope. Hakujua tangu saa ngapi. Hata sasa, akiuona, hakuhisi maumivu.

Wifi akachana kipande cha sketi yake, akapiga magoti kwenye sakafu, akaanza kumfunga. Alifunga vibaya, akafungua, akarudia.

"Ningekataa kutoka je?" aliuliza bila kuinua uso.

Mama Rula aliutazama ule mguu. Sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba, kama si yake.

"Sijui," alisema. "Sijui kabisa."

Wifi akakaza kile kitambaa, akafunga fundo, asiuachie ule mguu.